Sauti iliyotangaza kimbunga ndiyo iliyotangaza dawa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya redio

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari,
Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Kamati yake ya Maudhui,
Kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala,
Kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha,
Na kwa wamiliki wa redio ndogondogo za mikoani,

Salamu hizi ziwafikie popote pale mlipo. Waliokula chumvi kidogo wanazikumbuka kadi za salamu: unanunua kadi dukani, unaijaza majina ya jamaa na marafiki, unaituma redioni, kisha unakaa na redio yako ya betri ukisubiri kusikia jina lako. Chini ya kadi palikuwa na mstari mmoja wa ujumbe. Ujumbe wangu, wa matangazo ya dawa redioni, haukuenea kwenye mstari ule, ndiyo maana nawaandikia barua.

Mimi ni mwanamke wa Kilwa. Kwa miaka 7 nilikuwa mtangazaji wa kujitolea, jina zuri analopewa mtu asiyelipwa mshahara, kwenye redio moja ya huku kusini. Siitaji jina. Nitakayoyasema yanafanyika kwenye redio nyingi, na nusu yake niliyafanya mimi mwenyewe kwa kinywa changu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Najua mtu wa Dar es Salaam ataguna: vifo redioni, zama hizi za simu? Ndiyo. Simu inampata mmoja mmoja, tena kama yupo penye mtandao na ana chaji. Redio inaupata ukoo mzima kwa mpigo, aliyeko shambani Liwale na aliyeko kwenye dau karibu na Songosongo. Halafu kuna suala la heshima. Mzee mmoja alikuja studio na karatasi yake wakati watoto wake wote walikwisha pigiana simu tangu usiku. Nikamwambia, mzee wangu, si wanajua tayari? Akanijibu, “Wanajua, lakini msiba haujatangazwa.” Nikausoma. Habari ziwafikie nani aliyeko wapi, popote alipo anaombwa kufika nyumbani bila kukosa. Ndipo akanyanyuka.

Siku moja nilikosea. Karatasi iliandikwa kwa haraka, mimi nikachanganya jina la marehemu na jina la mtoa taarifa. Nikamuua mtu mzima wa afya hewani, saa 7 mchana. Jioni ndugu zake walifika kwake na mchele na vilio, wakampokea yeye mwenyewe mlangoni kaushika mhogo wa kukaanga mkononi. Leo tunacheka, siku ile hapakuwa na kicheko. Kesho yake, saa ileile 7 mchana, sauti ileile yangu ilisahihisha na kuomba radhi, mara mbili, na meneja wa kituo akaenda nyumbani kwa yule baba kumwangukia. Nawaomba muishike habari hii, nitairudia.

Ikaja Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilianza kutoa tahadhari mapema mwezi ule kwamba baharini kuna kimbunga, jina lake Hidaya, na kinaelekea kwetu. Huku kwetu tunajua kusi na kaskazi. Tunajua mvua ya masika inayong'oa madaraja. Kimbunga kwetu kilikuwa habari ya Msumbiji na Madagaska. Taarifa ilikuja na maneno ya wataalamu, migandamizo ya hewa na kasi za upepo. Nikaisoma mara moja ilivyo, kisha nikaisema kwa lugha ya nyumbani: vuteni mitumbwi juu, leo hakuna kwenda Songosongo, mlio mabondeni na kando ya mikondo ya maji ondokeni kabla ya magharibi, bebeni vyeti na dawa, sufuria mtazikuta. Nikaisema kila saa mpaka sauti ikakauka.

Kimbunga kilitua Mafia tarehe 4 Mei. Mvua iliyokuja nacho ikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, malori yakajipanga huku na huku na nyanya zikioza ndani. Siku zile redio ndiyo iliyokuwa inawaambia watu nani amekwama wapi, maji yamepungua kiasi gani, mafundi wa barabara wamefikia wapi. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama juma lile.

Shangazi yangu anakaa kando ya mkondo. Alitoka. Usiku ule ukuta wa nyuma wa nyumba yake ulilala chini, upande alioweka kitanda. Tangu hapo akawa ananiita “mwanangu wa kimbunga”, na majirani wakalidaka jina.

Miezi minne baadaye kituo kikapata mdhamini mpya. Alikuwa anajiita tabibu, yuko mkoa mwingine, sikuwahi kumwona kwa macho. Dawa yake ni unga wa kahawia ndani ya chupa, na maandishi aliyotuletea yalisema unamaliza kisukari ndani ya siku 21, pamoja na presha, ganzi ya miguu, nguvu za kiume na mikosi. Yaani chupa moja inatibu kongosho na mikosi kwa kijiko kilekile. Meneja akanipa karatasi akaniambia maneno ambayo kila mtangazaji wa redio ndogo amewahi kuambiwa: “Usilisome kama tangazo. Ongea kama unamshauri mama yako.”

Niliuliza kama ana kibali. Nikajibiwa, barua yake ipo. Sikuomba kuiona. Malipo yake ya mwezi yalikuwa yanalipia umeme wa mitambo na posho zetu sote, na mimi nilikuwa na ada ya mtoto. Nikasoma, asubuhi mara mbili, mchana kabla ya vifo, jioni baada ya habari. Nilisoma vizuri sana.

Shangazi alikuwa na kisukari kwa miaka 9, anameza vidonge vyake, anahudhuria kliniki, anakula dona. Alinunua chupa tatu. Hakuniambia, kwani aniambie nini wakati mimi ndiye niliyemwambia? Vidonge akaviweka kabatini. Januari, akiwa pwani anatafuta chaza maji yakiwa yametoka, akajikata mguu kwa ganda. Kidonda kidogo. Februari 2025 mguu ulikatwa chini ya goti.

Daktari alimuuliza mbele yangu nani alimwambia aache dawa. Shangazi akanitazama, tena kwa muda, kisha akamgeukia daktari akasema, “Redio.”

Hakusema wewe. Mpaka leo hajasema.

Nilirudi kituoni nikaomba kitu kimoja tu, tusahihishe. Saa ileile, sauti ileile, tuseme kwamba dawa hii haiponyi kisukari na asiache mtu vidonge vyake bila kumwona daktari. Nikakumbusha habari ya yule baba wa mhogo. Nikaambiwa, ule ulikuwa msiba, hii ni biashara, na mteja ana mkataba. Nikatoka na sikurudi.

Waheshimiwa, nimelala na jambo hili zaidi ya mwaka na nilichokipata ni hiki. Yule tabibu hakununua sekunde 45 za hewani. Sekunde zina bei ndogo. Alichokinunua ni vifo vyote nilivyovisoma kwa miaka 7 bila kukosea ila mara moja. Alinunua kimbunga. Shangazi aliacha vidonge kwa sababu sauti iliyomtoa kitandani kabla ukuta haujaanguka haikuwa imemdanganya hata siku moja. Tukiulizana faida za vyombo vya habari na madhara yake huwa tunachora mstari katikati, huku mema, kule mabaya, kama hesabu ya duka. Mimi siuoni mstari huo. Faida ya redio ni kwamba inaaminika, na kwa kuaminika huko huko ndipo inapoua.

Wala imani hiyo hatukuianza sisi. Mwaka 1973, redio ilipoendesha kampeni ya “Mtu ni Afya”, babu yangu, baba yake shangazi, alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi kwa majuma 12, redio katikati, kijitabu mkononi, wakisikiliza habari za malaria, kuhara, kichocho, kisha wakiulizana: sasa sisi tunafanya nini? Shangazi alikuwa na miaka 11, alikaa nyuma na watoto wenzake. Choo alichokichimba babu baada ya kipindi kilidumu mpaka mimi nimezaliwa. Tusijidanganye kuhusu zama zile, redio ilikuwa moja, ya serikali, na ilisema yale iliyotaka kuyasema. Babu aliwahi kuniambia kwamba machungu ya kuhamishwa wakati wa Operesheni Vijiji hakuwahi kuyasikia kwenye redio hiyo hata kwa bahati mbaya. Lakini redio ikisema chimba, watu walichimba, na walipochimba watoto hawakuharisha.

Miaka 20 baadaye, 1993, ukaja mchezo wa redio wa “Twende na Wakati”. Nani hamkumbuki Mkwaju, dereva wa lori, na wanawake wake wa kila kituo? Nchi nzima ilimsema Mkwaju kama vile ni shemeji. Kwa miaka 2 ya mwanzo mchezo haukurushwa Dodoma, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe, na tofauti ilionekana: waliousikia walikwenda zaidi kwenye uzazi wa mpango. Dereva wa lori wa kutunga alifanya kazi ambayo mikutano ya hadhara mingi haikuiweza.

Kisha 2011 tukaona upande wa pili wa shilingi. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kijijini Samunge, Loliondo, akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Sina ugomvi na mzee yule, alikwisha tangulia mbele ya haki mwaka 2021, na shilingi 500 si bei ya tapeli. Ugomvi wangu ni na sisi wa vipaza sauti. Foleni ya magari ilipofika kilomita na kilomita, sisi tulihesabu magari. Viongozi wakubwa walipokwenda kunywa, tuliwapiga picha na kikombe mkononi. Wagonjwa waliondolewa vitandani hospitalini, wengine wakafia njiani na kwenye foleni, hata mzee mwenyewe ikabidi aombe watu wasiende kwanza mpaka waliokwisha fika wapungue. Ni wangapi kati yetu tuliouliza, siku ile ile na si miezi baadaye: huyu aliyekunywa jana, leo kapimwa?

Sasa niingie kwenu, TCRA. Mna masikio makali, nakiri. Januari 2018 vituo 5 vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha taarifa ya kituo cha haki za binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Oktoba 2024 gazeti la The Citizen lilisimamishiwa leseni zake za mtandaoni siku 30 kwa sababu ya katuni ya video. Kumbe mkitaka kusikia mnasikia, tena mnasikia haraka, tena mnasikia mpaka katuni. Basi naomba kuuliza kwa adabu, yule tabibu wangu alikuwa hewani mara nne kwa siku kwa miezi mitano. Hamkumsikia?

Natabiri jawabu. Mtasema Baraza la Tiba Asili ndilo lenye wajibu wa matangazo ya waganga, na lipo kisheria tangu 2002. Baraza litasema halina mitambo ya kusikiliza redio zaidi ya 200 za nchi hii, mwenye mitambo ni TCRA. Mmiliki wa redio atasema yeye alioneshwa barua. Mganga atasema yeye alilipia. Mimi nilisema ninasoma tu. Kila mmoja ana mlango wa kutokea, na shangazi ana mguu mmoja.

Wala sisemi kwamba hofu yenu kuhusu maneno ya siasa ni ya bure. Hatuhitaji kusafiri mbali. Ile redio ya Rwanda iliyoanza hewani mwaka 1993, ikapiga muziki mzuri na mizaha ya vijana, mwaka uliofuata ilikuwa inawaelekeza wauaji. Hukumu ya waliohusika na vyombo vile ilisomwa hapa hapa kwetu, Arusha, Desemba 2003. Mtu yeyote aliyeshika kipaza sauti Afrika Mashariki anapaswa kuijua hukumu ile kama anavyojua masafa ya kituo chake. Lakini hebu turudi kwenye mwanzo wa redio ile. Kabla ya kuamrisha, ilipendwa. Ilipata kwanza masikio, ikayafanya yake, ndipo ikayatumia. Hilo ndilo la kuogopa, na kujilinda nalo ni zaidi ya kukata matangazo ya anayewasema wakubwa.

Tena mkikata, hamjui mnachokikaribisha. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Kijijini kwetu watu walitoa redio za babu zao kabatini. Nami niliwasha. Nikakuta taarabu, baada ya taarabu bongofleva, baada ya bongofleva tangazo la kubeti. Watu wana watoto Dar es Salaam, wana watoto Mwanza na Arusha, wanataka kujua wako salama, redio inawapigia nyimbo. Basi redio mbao ikashika usukani. Kwa kutwa moja nilisikia habari sita za uongo, nyingine za kutisha ambazo sitazirudia, na mimi mtangazaji wa zamani sikuwa na la kumjibu jirani kwa sababu sikuwa na ninalolijua. Redio iliyonyamaza siku ile ilifilisi imani yake kwa mkono wake. Wakati wa kimbunga kingine itasema ondokeni, na wapo watakaokaa.

Hapo nimetaja kubeti. Nina machache, maana kila mwenye kijana nyumbani ana yake. Sheria inasema chini ya miaka 18 haruhusiwi. Sawa. Redio haina mlango wa kumzuia mtoto wa miaka 12 anayesikiliza uchambuzi wa ligi ya Uingereza saa 1 jioni, na mchambuzi, yule yule anayemwamini kuhusu nani ni beki mzuri, katikati ya sentensi anamwambia aweke mkeka wake kwa shilingi 500. Hakuna mlio wa kutenganisha, hakuna “sasa tunakwenda kwenye tangazo”. Pale kijiweni kwetu bodaboda akichaniwa mkeka wake anasema mchambuzi kamwangusha. Halaumu kampuni. Wenzetu Kenya, Aprili 2025, walisitisha matangazo yote ya kamari kwenye vyombo vya habari kwa siku 30 ili wapange upya utaratibu. Sijui kama ndiyo dawa, lakini angalau walisimama wakajisikiliza.

Kwa wamiliki nataka kusema kwa upole kidogo, kwa sababu nimekula meza moja nanyi na najua hesabu zenu. Redio ya wilayani haina matangazo ya benki. Haina ya kampuni za simu, au inayapata kwa makombo. Halmashauri ikitaka wananchi waje kwenye chanjo inaleta barua na kusema ni huduma kwa jamii. Chama cha msingi kikitaka kutangaza bei ya ufuta, hali kadhalika. Mbunge akija, dakika 40 bure na soda juu yenu. Mwisho wa mwezi aliyelipa taslimu ni mganga na kamari. Mtu anayetukana redio ndogo kwa kuwakaribisha watu hawa ajiulize nani mwingine aligonga mlango na pesa mkononi. Serikali ikikilipia chombo kidogo matangazo yake, kwa bei ndogo lakini kwa wakati, itakuwa imewaondoa waganga wengi hewani kuliko faini yoyote.

Msije mkaifanya barua hii kibali cha kufunga redio za vijijini. Tunazijua barua zinazoanza na “kufuatia malalamiko ya wananchi”. Februari 2022 serikali ilirudisha leseni za magazeti 4 yaliyokuwa yamefungiwa, MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, na tuliposikia tulishukuru. Wakati yamefungwa wasomaji wake hawakuacha kusoma, walihamia kwenye vikundi vya WhatsApp ambako hakuna mhariri wa kumuuliza chochote. Redio yangu ya zamani ikifungwa, kesho kutwa nani atasoma vifo?

Ninachokiomba ni kidogo na kinafanyika. Kila tangazo la dawa, ya kienyeji au ya dukani, lisomwe pamoja na namba ya kibali chake, kwa sauti, hewani. Isiwe barua iliyoko kwenye droo ya meneja. Mimi ningeulizwa namba siku ile, ningeitafuta, na kama haipo nisingekuwa na la kusoma. Baraza nalo liweke namba fupi ya simu ambayo msikilizaji anaweza kuituma namba ile ya kibali na kujibiwa ni ya kweli au ya kughushi. Shangazi hana simu kubwa, ana ya kitufe, na ujumbe mfupi anaujua.

La pili, anayesoma habari, vifo na tahadhari asiguse tangazo la dawa wala la kamari. Liletwe limerekodiwa, kwa sauti ya mwenye dawa mwenyewe, na kabla yake pawe na mlio ambao hata mtoto atajua kwamba hapa tunauziwa. Huo mlio ungegharimu nini?

La tatu ndilo linaloniuma. Redio ikisema uongo uliomdhuru mtu, isahihishe saa ileile uliposemwa, na isahihishe mara zile zile. Kama ni mara nne kwa siku kwa miezi mitano, basi masahihisho nayo mara nne kwa siku kwa miezi mitano. Msiniambie haiwezekani. Yule baba wa mhogo tulimfufua ndani ya saa 24.

La kamari na saa za watoto nawaachia Bodi, mnazijua ratiba za vipindi kuliko mimi.

Nimesikia pia hoja kwamba wananchi waelimishwe, wajue kupambanua. Imesemwa na watu ninaowaheshimu. Lakini shangazi yangu alielimishwa. Alihudhuria kliniki miaka 9, anajua kupima sukari mwenyewe, anajua kusoma vizuri, mwaka 1973 alikuwa kwenye kikundi cha afya cha babu. Alichokosea ni kumwamini mtu aliyekwisha mwokoa mara moja. Elimu gani hiyo mtakayompa ya kumfundisha asiamini? Na mkishamfundisha, kimbunga kikirudi mtamtoaje kitandani?

Sasa anatembelea magongo. Ukuta wa nyuma tumeujenga tena, safari hii kwa tofali. Redio yake hajaizima hata siku moja, na mwanzoni lilinikera, nikidhani ananisuta. Juma lililopita nilimuuliza, shangazi, baada ya yote haya bado unaisikiliza ile? Akasema anasubiri vifo. Vinaanza saa 7 mchana, nikakaa naye. Tabibu ni yule yule. Aliyesoma ni kijana mpya, ana sauti nzuri, alikuwa anaongea kama anamshauri mama yake. Alipomaliza dawa, akaanza vifo.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa zamani wa matangazo ya vifo,
Kilwa